Silikoni, PU, polisalfaidi au epoksi: jointi inayomwagikiwa kemikali uizibe na nini?

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, sema unataka silikoni. Muuzaji ataugeukia ukuta wa rafu na kukuuliza swali moja tu: nyeupe, nyeusi au isiyo na rangi? Simlaumu. Sisi mafundi ndio tuliomzoesha. Kwetu sisi chochote kinachokaa kwenye tyubu na kusukumwa kwa bunduki ni silikoni, kama vile dawa yoyote ya meno ni kolgeti. Kumbe kwenye rafu ile ile kuna vitu vinne au vitano ambavyo havina hata ukoo mmoja, na kila kimoja kina maji yake kinachoyaogopa.

Hilo nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma nilipewa jointi za sakafu, yaani ile mianya iliyo kati ya kipande kimoja cha zege na kingine, katika gereji moja kule Unga Limited, Arusha. Niliziba kwa silikoni nzuri, si ya kuokoteza, nikailainisha kwa kidole na maji ya sabuni mpaka ikang'aa. Haikupita miezi mingi mwenye gereji akapiga simu: "Fundi, njoo uchukue minyoo yako." Nilipofika aliinama, akashika ncha ya ile silikoni kwa vidole viwili, akavuta. Ikatoka karibu mita nzima bila kukatika, imevimba, inateleza kama utumbo wa kuku. Ilikuwa ni pale pale vijana wake walipozoea kuoshea vipuri kwa petroli. Nilirudia kazi kwa hela yangu. Silikoni haikuwa feki hata kidogo. Ni kwamba silikoni na petroli havipikiki chungu kimoja, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo ulinganisho huu sikuupanga kwa bei wala kwa majina ya kampuni. Nimeupanga kwa kile kinachomwagika.

Maswali ya kumuuliza mwenye jengo

La kwanza ni jina la hicho kimiminika, na usikubali jibu la "dawa tu". Omba kuona dumu, soma lebo. Kwenye kiwanda kidogo cha maziwa niliwahi kuambiwa wanaosha kwa "sabuni". Dumu lenyewe lilikuwa la kostiki soda, na la pili pembeni yake lilikuwa asidi ya naitriki. Hivyo ni vitu viwili vinavyotaka majibu mawili tofauti.

La pili ni muda. Tone la dizeli linalofutwa jioni si sawa na dimbwi linalolala hapo toka Ijumaa mpaka Jumatatu. Karatasi za watengenezaji hutofautisha gundi inayohimili mmwagiko wa muda mfupi na ile inayohimili kuzamishwa, na wauzaji wengi husoma ya kwanza wakakuuzia kama ndiyo ya pili.

La tatu ni joto. Kostiki baridi ni mpole kwa gundi. Kostiki ya nyuzi 70 inayotoka kwenye kuosha mabomba ya maziwa ni mnyama mwingine kabisa.

Halafu kuna swali ambalo humuulizi mtu, unauliza jengo: je, hii jointi inatembea? Ufa wa mwendo ukiuziba kwa kitu kigumu utapasuka tena, sentimita mbili pembeni ya ule wa zamani. Sehemu za Arusha zenye udongo mweusi wa mfinyanzi zinanikosesha usingizi kwa hili, kwa sababu udongo ule huvimba masika na kujikunja kiangazi, na sakafu inapanda na kushuka nao.

Jedwali, kwa wenye haraka

| Aina | Petroli, dizeli, oili | Asidi nyepesi | Kostiki na klorini | Jua | Kunyumbuka |
|---|---|---|---|---|---|
| Silikoni isiyonuka siki | Mbaya, huvimba | Wastani | Kostiki baridi sawa. Klorini ni kwa zile za bwawa tu | Bora kuliko zote | 25% hadi 50% |
| PU (poliyurethani) | Mmwagiko sawa, kuzama hapana | Nzuri | Kostiki nyepesi sawa. Klorini mbaya | Hupauka juu | Karibu 25% |
| Polisalfaidi | Bora kuliko zote za kunyumbuka | Nzuri, isipokuwa ya naitriki | Nzuri kiasi | Nzuri | 20% hadi 25% |
| Haibridi (MS, chotara wa silikoni na PU) | Matone tu | Wastani | Dhaifu kwa klorini | Nzuri | 20% hadi 25% |
| Epoksi | Nzuri | Nzuri, dhaifu kwa siki nzito | Kostiki nzuri sana | Hupauka | Karibu hakuna |
| Akriliki | Usiweke | Usiweke | Usiweke | Wastani | 12.5% au chini |
| Lami | Huyeyuka | Nzuri | Wastani | Hukakamaa | Kidogo |

Asilimia za kunyumbuka ni kiasi ambacho jointi inaweza kupanuka au kubana, kwa kulinganisha na upana wake, gundi isichanike. Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Ndani ya PU peke yake kuna za madirisha, za sakafu na za mitambo ya majitaka, na mtu wa tyubu ya dirisha hana ruhusa ya kujivunia sifa za ile ya majitaka. Lichukue kama ramani ya kukupeleka kwenye mtaa; nyumba utaitafuta kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Mafuta: polisalfaidi dhidi ya PU

Kwa gereji, vituo vya mafuta na vyumba vya jenereta, ushindani wa kweli ni wa hawa wawili tu. Silikoni imeshatoka. Lami ndiyo watu huikimbilia kwa sababu ni rahisi na imezoeleka barabarani, lakini lami ni mtoto wa mafuta ya petroli. Ukimmwagia mzazi wake anarudi kuwa uji.

Polisalfaidi ina historia inayonifurahisha. Miaka ya 1920 huko Kansas City, Marekani, mkemia Joseph Patrick na mwenzake walikuwa wakitafuta kemikali ya bei nafuu ya kuzuia maji ya rejeta yasigande kwa baridi. Wakapata gamu inayonuka vibaya sana, ikaziba sinki la maabara, na kila kiyeyusho walichomimina kuitoa kikashindwa. Ile balaa ya sinki ndiyo ikawa biashara, ikaitwa Thiokol, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki ya salfa na gundi. Hadi leo matangi ya mafuta yaliyomo ndani ya mabawa ya ndege huzibwa kwa ukoo huo huo. Ukiziangalia ndege zinazoshuka uwanja wa KIA, kati ya Arusha na Moshi, unaangalia polisalfaidi ikiogelea kwenye mafuta juu ya kichwa chako.

Kasoro zake? Nyingi ni za visehemu viwili, yaani kopo la gundi na kopo la kigumishi, ambavyo lazima uvichanganye mpaka rangi iwe moja, bila mistari. Mstari wa rangi ukibaki, hapo haitakauka, itabaki kama jemu. Ukishachanganya saa inahesabu: ujipange, maana kijana akienda kununua sigara mtakuta kopo limekuwa jiwe. Inanuka salfa, wateja hulalamika siku mbili tatu. Na haipatikani kila duka. Mara nyingi mimi huiagiza, na mteja anatakiwa kusubiri.

PU inakuja tayari kwenye tyubu au soseji (mfuko laini wa umbo hilo), inashika zege vizuri, tairi likipita juu yake haichuniki haraka. Dizeli na oili ikidondokea na kufutwa, inavumilia. Ikilala ndani yake, inalainika. Kwa hiyo uamuzi wangu kwenye gereji huwa wa mchanganyiko: sehemu ya kuegesha na kufungua tairi naweka PU; sehemu ya kuoshea vipuri, chini ya pampu na kuzunguka tangi la jenereta naweka polisalfaidi, hata kama ni mita nne tu na mteja anaguna. Kulipia polisalfaidi kwa ukumbi mzima ni kumwibia mteja. Kuweka PU chini ya pampu nako ni kumwibia, ila polepole.

Kahawa: hapa adui si gundi, ni zege

Mitambo ya kumenyea kahawa ya vijijini, kule Kibosho, Machame na Kirua, ina matangi ya zege ya kuvundikia. Kahawa iliyomenywa hulala humo mpaka ule ute uachie, na maji yake yanachacha: yanapata asidi ya siki na ya maziwa, pH yake, kile kipimo cha uchachu, ikishuka hadi kama 4. Hiyo si asidi ya kutisha. Unaweza kutia mkono. Lakini zege ni kitu cha chokaa, na chokaa haijui asidi ndogo.

Niliitwa kwenye tangi moja la chama cha msingi. Mwenyekiti, mzee wa heshima zake, alinipokea kwa malalamiko kabla hata sijamaliza kumwamkia.

"Marahaba. Fundi aliyepita ametuwekea gundi mbovu. Tangi linavuja."

Nikaingia ndani na tochi. Gundi ilikuwa nzima! Nyororo, inanyumbuka, imekaa katikati ya jointi kama reli. Kilichoondoka ni zege la pande zote mbili. Saruji ilikuwa imelika, kokoto zimejitokeza kama meno ya mzee, na kati ya meno na gundi kidole changu cha shahada kilipita mpaka fundo la kwanza.

"Mzee, gundi haina kosa. Ukuta ndio umeikimbia."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ukuta nao una gundi yake. Na swali lile lilikuwa sahihi kuliko yeye alivyodhani. Ndiyo, unayo: kingo za jointi zilizolika unazikata kwa grenda mpaka ufike kwenye zege zima, unazijenga upya kwa mota ya epoksi (epoksi iliyochanganywa na mchanga), halafu ndipo unaweka gundi ya kunyumbuka katikati. Epoksi inavumilia asidi nyepesi kama hii ya kahawa. Ukiiweka epoksi peke yake ndani ya jointi, bila gundi laini, umetengeneza daraja gumu kati ya kuta mbili zinazotembea, na litavunjika.

Gundi ya katikati sasa. Polisalfaidi inavumilia asidi hizi vizuri, lakini kwenye maji yenye uozo na vijidudu vingi, kama majitaka, aina za kawaida huweza kuliwa na bakteria baada ya muda. Maji ya kahawa ni uozo mtupu. Ndiyo maana hapa naipa PU ushindi, kwa sharti moja: iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji kwamba ni ya mitambo ya majitaka, na ipakwe juu ya praima yake, ile rangi ya msingi inayotangulia gundi. Nje ya msimu tangi linakauka na jua linaingia. PU itapauka juu, ipauke tu, upauko wa juu hauvujishi.

Kwa kupita: sakafu za kuhifadhia molasi ya mifugo na vilabu vya mbege zina ugonjwa wa familia hii hii, mdogo zaidi.

Maziwa

Hapa watu wengi huuziwa epoksi, kwa sababu inang'aa na inafutika. Epoksi ni nzuri sana kwa kostiki na kwa oili. Udhaifu wake ni asidi za asili ya chakula, siki na ile ya maziwa yaliyochacha, zikiwa nzito na zikilala juu yake mara kwa mara, pamoja na mshtuko wa maji ya moto kwenye sakafu baridi. Viwanda vingi vya maziwa hupendelea sakafu ya PU iliyochanganywa na saruji kwa sababu hizo mbili. Jointi zake zizibwe na PU inayohimili kemikali, na pale asidi ya naitriki inapomiminwa usiweke polisalfaidi, kwa kuwa asidi hiyo huichoma. Kostiki ya moto nayo huichosha silikoni. Ukweli ni kwamba kwenye chumba cha kuoshea hakuna gundi ya milele. Mwambie mwenye kiwanda mapema kwamba jointi ni kama brashi za gari, zinakaguliwa na kubadilishwa, asije akakuita tapeli.

Betri na mbolea za maji

Loji na kambi zinazotumia umeme wa jua bado zina vyumba vya betri za maji. Maji yale ni asidi ya salfuriki, kama theluthi moja ya uzito wake, na zege likikutana nayo linatoa povu mbele ya macho yako. Epoksi inaihimili kwa kiwango hicho, na epoksi za jamii ya novolaki zinahimili kali zaidi. Lakini ushauri wangu hapa hauhusu gundi. Panga chumba ili jointi isiwe chini ya betri, na kila betri ikae ndani ya beseni la plastiki nene. Vivyo hivyo kwenye mashamba ya maua upande wa Usa River, pale wanapochanganya asidi za mbolea: usitafute tyubu, tafuta beseni.

Jikoni, bafuni, na bwawa la hoteli

Nyumbani mambo ni mepesi, ila kuna mtego mmoja. Silikoni za bei rahisi nyingi hunuka siki wakati zinakauka. Ile ni asidi ya siki kweli, inatoka kwenye gundi yenyewe. Kwenye kioo na vigae haina neno. Kwenye zege, plasta au marumaru inakula chokaa chini yake, ikijijengea tabaka la unga, na kwenye mabati au chuma inaleta kutu. Fungua tyubu, nusa. Ikinuka siki na jointi yako ni ya zege, irudishe kwenye mfuko. Chukua isiyonuka, ile inayoandikwa kuwa ni ya hali ya kati (neutral), na kwa bafu iwe na dawa ya kuzuia ukungu.

Haibridi nayo ina nafasi yake hapa, hasa pale unapotaka kupaka rangi juu, maana silikoni haishiki rangi hata uibembeleze. Akriliki ni ya nyufa za ndani, sehemu kavu, pembeni ya fremu ya mlango. Basi.

Mmwagie choo asidi ya kusafishia kila siku na hakuna silikoni itakayokushukuru. Jiki ikimwagika na kusuuzwa haina shida kubwa. Jiki inayoachwa ilale usiku kucha ndiyo inayomaliza jointi.

Bwawa ni habari nyingine, kwa sababu klorini haiondoki. PU nyingi watengenezaji wenyewe wanaandika zisitumike kwenye mabwawa. Polisalfaidi imetumika humo kwa miongo mingi; silikoni ziko, lakini zile tu zilizotengenezwa kwa ajili ya bwawa.

Jaribio la chupa za jemu

Kama bado huna uhakika, usimwamini muuzaji wala mimi. Sukuma mstari wa kila gundi juu ya karatasi ya nailoni, unene wa kidole kidogo, uiache wiki mbili ikauke hadi ndani. Kata vipande vya sentimita 5. Tafuta chupa za kioo za jemu zenye vifuniko, mimina humo kile kile kinachomwagika kwa mteja, tumbukiza kipande, andika tarehe. Chupa zikae nje kivulini, mbali na jiko na watoto.

Mimi nilifanya hivi kwa petroli baada ya aibu ya Unga Limited. Baada ya wiki moja kipande cha silikoni kilikuwa kimepita sentimita 6 na unene umeongezeka, nikikibana kinanikimbia vidoleni. PU ilikuwa imelainika, ukiikunja inachelewa kurudi. Akriliki sikuweza hata kuitoa nzima. Polisalfaidi ilitoka kama ilivyoingia, ila inanuka petroli.

Kilichonishangaza kilitokea baadaye. Niliiacha ile silikoni juu ya tofali, na petroli ilipokauka ikajirudisha karibu na ukubwa wake wa mwanzo. Ukiiona hivyo ungesema ni nzima. Ndivyo inavyofanya kwenye jointi pia: inavimba, inajichomoa ukutani, petroli ikikauka inasinyaa na kukaa mahali pake ikikutazama kwa upole, na huku nyuma hakuna kilichoshikana. Kwa hiyo ukikagua jointi usiitazame. Bonyeza pembeni kwa bisibisi butu.

Umbo la jointi, na hela inakopotelea

Gundi sahihi kwenye jointi ya umbo baya ni gundi mbaya. Zege hurefuka karibu milimita 0.01 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua kipande cha sakafu cha mita 6, Arusha, asubuhi ya Julai yenye ubaridi hadi mchana jua likiwaka juu yake, tuseme tofauti ni nyuzi 25. Hiyo ni milimita 1.5 za mwendo. Jointi yako ikiwa na upana wa milimita 6, mwendo huo ni 25%, yaani gundi ya daraja la 25 katika kipimo cha ISO 11600 tayari iko ukingoni, haina akiba. Ipanue mpaka milimita 12 na mwendo unakuwa 12.5%, gundi inalala usingizi.

Kina kiwe kama nusu ya upana. Hapo ndipo kamba ya sponji inapoingia, ile ya kusukumwa chini ya jointi kabla ya gundi. Ina kazi mbili: kupunguza kina na kuzuia gundi isishike chini. Gundi inatakiwa ishike kuta mbili tu. Ikishika na sakafu ya jointi haiwezi kunyumbuka, inachanika katikati. Sponji iwe pana kuliko jointi kwa karibu robo ili ijibane, na isiwe ya kunyonya. Vipande vya godoro, ambavyo nimeviona kwenye kazi nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, hunywa maji na dizeli na kuvitunza chini ya gundi yako kama sifongo la kuoshea vyombo. Nikikosa ya dukani, natumia ile sponji nyeusi inayovikwa mabomba ya AC.

Na hesabu ya hela iko hapa hapa. Jointi ya upana wa milimita 20 na kina cha 10 inakula mililita 200 kwa mita; soseji ya mililita 600 inakupa mita 3. Bila sponji, ukajaza kina cha 40, mita moja inakula mililita 800. Umenunua mara nne, na kazi imekuwa mbaya zaidi. Mteja anayesema polisalfaidi ni ghali mara nyingi ameshamlipa fundi aliyetangulia kujaza shimo.

Mengine ni usafi, na sitayarefusha: toa gundi yote ya zamani, piga grenda na brashi ya waya, puliza vumbi, bandika selotepu ya karatasi kingoni, paka praima ya kampuni ile ile. Zege liwe limekauka. Bandika kipande cha nailoni usiku, asubuhi ukikuta jasho chini yake, subiri. Zege jipya lipewe siku 28. Vaa glavu, hasa kwa epoksi, kwa sababu ngozi ikishaikataa mara moja haitaikubali tena. Geuza tyubu usome tarehe kabla ya kulipa, maana nyingi maisha yake ni kama mwaka mmoja na joto la duka la mabati huyapunguza. PU ya tyubu hukauka milimita 2 au 3 kwa siku kuanzia juu, na baridi ya Arusha huichelewesha zaidi. Jointi ya kina cha milimita 10 inataka karibu wiki kabla hujairuhusu ionje kemikali.

Ukijumlisha hayo yote, kukauka kwa zege, grenda, mota ya epoksi, praima na wiki ya gundi, tangi moja la kahawa linakula zaidi ya mwezi. Masika ni Machi hadi Mei, na kahawa ya mlimani inaanza kuiva kama Julai. Kwa hiyo mwenyekiti akinipigia mwezi wa sita, tope la masika bado limo ndani ya tangi, huwa namwambia: mzee, msimu huu tuvushe kwa kiraka, Februari, tangi likiwa kavu, nitakuja na grenda.